Vikumbo, kinga ya shingo na geti la Zamboni: kuendesha ligi ya hoki ya barafuni kwa watoto

Helmeti haizuii mtikisiko wa ubongo. Kazi yake ni kuzuia fuvu lisipasuke na, ikiwa na wavu wa chuma usoni, kulinda macho na meno. Ubongo wenyewe unaelea kwenye maji ndani ya fuvu, na mtoto aliye kasi akisimamishwa ghafla na ukuta, ubongo unaendelea na safari yake hata kama kichwa kimefunikwa vizuri. Mwendesha ligi asiyelijua hilo humaliza bajeti yote dukani akidhani kazi imekwisha. Sehemu kubwa ya usalama huamuliwa mezani, kabla mtoto hajafunga kamba za viatu: nani atacheza na nani, kwenye eneo gani, na vikumbo vitaanza kuruhusiwa katika umri gani.

Hilo la vikumbo ndilo zito kuliko yote. Kikumbo ni kumvamia kwa bega au nyonga mwenzako mwenye kisahani, kile kidude bapa kinachogombaniwa kwenye hoki, ili kumtenganisha nacho. Kanada ilijikuta na jaribio ambalo hakuna aliyelipanga: watoto wa miaka 11 na 12 wa jimbo la Alberta waliruhusiwa kupigana vikumbo, wa Quebec hawakuruhusiwa. Watafiti walipowalinganisha na kuchapisha matokeo mwaka 2010, hatari ya mtikisiko wa ubongo kwa wale wa Alberta ilikuwa zaidi ya mara tatu. Marekani iliondoa vikumbo kwenye umri huo mwaka 2011, Kanada ikafuata mwaka 2013. Sasa kwa kawaida vinaanzia miaka 13, na ligi nyingi za burudani hazina vikumbo kabisa.

Kila msimu huzuka mzazi anayedai kwamba mtoto akichelewa kujifunza kikumbo ataumia zaidi baadaye. Hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Kugusana hufundishwa mapema, tangu miaka 8 au 9: kumwongoza mpinzani kuelekea pembeni kwa pembe ya mbio zako, kuweka gongo la kuchezea kwenye kisahani, kupokea msukumo ukiwa umekunja magoti. Kinachosubiri ni pigo. Miaka 13 yenyewe ina mtego wake, maana hapo mmoja ana kilo 40 na jirani yake 70, na wote wamezaliwa mwaka mmoja.

Mahali pa hatari zaidi uwanjani ni hatua moja au mbili kutoka ukutani. Aliyebanwa kabisa kwenye mbao za ukuta huo hana nafasi ya kurushwa, lakini aliye mita moja nje, mgongo umegeuka, akisukumwa kutoka nyuma anaingia ukutani na utosi. Akiwa ameinamisha kichwa, uti wa shingo unanyooka na unabeba uzito wote. Hivyo ndivyo watu hupooza. Kwa hiyo watoto wafundishwe kufika ukutani kwa pembe, si moja kwa moja, na wakiona wanagonga wanyanyue kidevu na kutanguliza mikono, bega au nyonga. Zipo timu zinazoshona alama ya STOP mgongoni mwa jezi, mahali ambapo anayetaka kusukuma ataiona. Alama hiyo ina faida pale tu refa anapotoa adhabu kila mara, hata kwa msukumo mdogo.

Kugawa eneo nako ni usalama. Uwanja wa Amerika ya Kaskazini una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26. Watoto wa miaka 8 na chini huko Marekani huchezea upana wake, kwa hiyo barafu moja hubeba zaidi ya mchezo mmoja kwa wakati mmoja. Kisahani chao ni cha buluu, gramu 113 hivi, badala ya kile cheusi cha gramu 156 hadi 170. Mtoto hagongwi na mwenzake aliyepata mbio za mita 50, na anagusa kisahani mara nyingi zaidi. Baba anayelalamika kwamba hiyo si hoki kamili amsindikize mwanawe mwenye futi nne kuvuka uwanja mzima, kisha waulizane nani amechoka.

Tuje kwenye vifaa, kwa ukaguzi wa dakika kumi kabla ya msimu. Helmeti ikae upana wa kidole kimoja juu ya nyusi. Mwambie mtoto atikise kichwa, na ngozi ya paji iende pamoja nayo. Ikizunguka peke yake ni kubwa. Kamba ya kidevu ibane. Zenye cheti cha HECC, baraza la Marekani linalothibitisha vifaa vya hoki, zina kibandiko cha tarehe, na cheti huisha miaka 6 na nusu baada ya kutengenezwa. Rangi za kupulizia na gundi za stika hudhoofisha plastiki. Viatu hununuliwa pungufu ya saizi ya kawaida, takriban saizi moja hadi moja na nusu, na kisigino kisinyanyuke ndani. Mzazi anayenunua vikubwa ili mtoto “avikulie” anamnunulia vifundo vya miguu vinavyolala. Gongo, mtoto akiwa amevaa viatu vya barafuni, lifike kidevuni. Ncha ya juu izibwe kwa utepe mnene, la sivyo bomba tupu huchimba nyama kama kitoboleo.

Kinga ya shingo ilikuwa inadharauliwa hadi 28 Oktoba 2023, pale Mmarekani Adam Johnson alipokatwa shingo na makali ya kiatu kwenye mechi mjini Sheffield, Uingereza, akafariki. Kanada ilikuwa imewavisha watoto kinga hiyo tangu zamani. Marekani iliifanya lazima kwa vijana kuanzia 1 Agosti 2024. Angalia isiache upenyo kati yake na kola ya kifuani. Sehemu nyingine mbili zinazokatwa ni kifundo cha mkono, pale glavu inapoishia, na kano ya nyuma ya kisigino. Soksi zilizofumwa kwa nyuzi zisizokatika kirahisi si anasa.

Mtoto akipigwa kichwa, usitafute kama amezimia. Wengi hawazimii. Utamwona ameduwaa, anauliza swali lilelile mara tatu, analalamika taa zinamuumiza, au anateleza kuelekea benchi la wapinzani. Anatolewa, na siku hiyo harudi, hata mechi ikiwa fainali na yeye mwenyewe akiapa kwamba yuko sawa. Akitapika tena na tena, akizidi kusinzia, akipata degedege, akisema shingo inauma au vidole vimekufa ganzi, hiyo ni hospitali. Anayelalamikia shingo asinyanyuliwe, na helmeti asivuliwe na mtu asiyefunzwa. Kurudi uwanjani kuna hatua sita: shughuli nyepesi za kila siku, mazoezi mepesi ya mwili, kuteleza peke yake, mazoezi ya timu bila kugusana, mazoezi kamili, halafu mechi. Kila hatua angalau saa 24, na kabla ya kuingia kwenye kugusana daktari awe ameandika ruhusa. Darasani arudi kikamilifu kwanza. Jimbo la Ontario, Kanada, lina sheria ya mwaka 2018 iitwayo Rowan's Law, kwa jina la Rowan Stringer, msichana mchezaji wa raga aliyefariki mwaka 2013 baada ya kuumia kichwa mfululizo. Inawataka wachezaji, wazazi wa walio chini ya umri na makocha wathibitishe kila mwaka kwamba wamesoma maelezo kuhusu mtikisiko wa ubongo.

Jengo lenyewe nalo linaumiza, na watu hulisahau. Ile mashine ya kulainisha barafu, ambayo wengi huiita Zamboni hata ikiwa ya kampuni nyingine, ina uzito wa tani kadhaa na dereva haoni vizuri mbele yake. Hakuna mtoto anayekanyaga barafu mpaka mashine imetoka na geti limefungwa kwa komeo. Milango ya mabenchi ifunguke kuelekea ndani. Inayofungukia barafuni ni mtego wa mbavu. Nguzo za goli zikae kwenye vigingi vinavyoachia zinapogongwa.

Mashine inayotumia gesi au petroli hutoa kaboni monoksaidi na naitrojeni dayoksaidi, na kwenye jengo lililofungwa kwa sababu ya baridi hewa hiyo haina pa kwenda. Jimbo la Minnesota, Marekani, limeweka kikomo cha sehemu 20 kwa milioni kwa ile ya kwanza na 0.3 kwa ya pili, kwa wastani wa saa moja. Watoto watano wakilalamika kichwa na kichefuchefu kwa wakati mmoja, hawajagongwa wote: watoeni nje. Vivyo hivyo harufu kali ya amonia, inayotumika kupoza barafu; mwaka 2017 ilivuja kwenye uwanja wa Fernie, British Columbia, ikaua wafanyakazi watatu.

Chumba cha kubadilishia nguo kisimamiwe na watu wazima wawili waliochunguzwa rekodi zao, na simu zenye kamera zibaki kwenye mabegi. Refa ana miaka 15 mara nyingi. Mzazi anayemtukana aondolewe jukwaani, kwa sababu refa aliyetishwa huacha kuadhibu msukumo wa nyuma, na tumeshaona unaishia wapi.

Nairobi kuna uwanja wa barafu kwenye hoteli ya Panari tangu 2005, mdogo kuliko wa kimataifa, na ndipo ilipokulia timu ya Ice Lions. Udogo huo unamaanisha ukuta uko karibu kila wakati. Punguzeni wachezaji kila upande, msipunguze sheria. Vifaa vya msaada vikifika kutoka nje, visipokewe kwa macho ya shukrani peke yake: geuza helmeti, soma tarehe.

Mwisho ni mashine ya kushtua moyo. Kisahani kikimpiga mtoto kifuani kwa sekunde mbaya, moyo unaweza kusimama bila hata mfupa kuvunjika, na mshtuo unatakiwa ndani ya dakika tatu. Mashine iliyofungiwa ofisini, na funguo ziko kwa meneja aliyekwenda nyumbani, haipo. Iwekwe karibu na benchi, pamoja na mkasi wa kukatia mikanda ya pedi za kifuani na taulo la kukaushia kifua kilicholowa jasho. Kabla ya kila mechi wapangiwe watu watatu kwa majina: wa kukandamiza kifua, wa kuleta mashine, na wa kupiga simu kisha kwenda kusimama kwenye geti la nyuma, kwa kuwa gari la wagonjwa haliingilii mlango wa mashabiki.