Jicho na Mkono Vinapogombea Kitu Kisichokuwepo

Aliyevaa miwani ya uhalisia pepe, yaani inayoonyesha ulimwengu uliotengenezwa na kompyuta, huona meza ya mninga ikiwa na mistari yake yote ya mbao, sufuria inayong'aa, hariri iliyokunjwa. Akinyoosha mkono avishike, anachokutana nacho ni kidhibiti kile kile cha plastiki, kifaa anachokishika ili kuuongoza ulimwengu huo. Ubongo uamini lipi? Watu wengi hujibu kwamba jicho hushinda daima, na kwangu mimi hilo ni nusu ya jibu tu.

Nusu hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1964 watafiti Irvin Rock na Jack Victor walichapisha jaribio ambalo watu walishika kipande cha mraba huku wakikitazama kupitia lenzi iliyokifanya kionekane kama mstatili, na kwa sehemu kubwa walichohisi mkononi kilifuata walichokiona. Hata hivyo, mwaka 2002 watafiti Marc Ernst na Martin Banks walionyesha kwamba ushindi wa jicho hauna uhakika. Waliwaweka watu mbele ya umbo ambalo halikuwepo kabisa, lililoonekana kwenye skrini na kuhisiwa kwa kidole gumba na kidole cha shahada kupitia vifaa vinavyosukuma vidole, wakawataka wakadirie kimo chake. Picha ilipokuwa safi, jicho liliongoza. Ilipochafuliwa makusudi, uzito wa uamuzi ulihamia mkononi. Kwa hiyo ubongo hausikilizi hisi moja na kuipuuza nyingine, bali huchanganya taarifa zote mbili na kuipa uzito zaidi ile yenye mashaka machache.

Hii ndiyo sababu ugumu wa kitu unaweza kuigizwa kwa macho. Mwaka 2000 mtafiti Anatole Lécuyer na wenzake nchini Ufaransa walieleza jinsi mtu anayebonyeza kifaa kisichosogea sana, huku akiona springi kwenye skrini ikibonyea kidogo au sana, anavyoihisi springi hiyo kuwa ngumu au laini. Nguvu inatoka kwenye misuli yake, mwendo unatoka kwenye picha, na ubongo unaviunganisha.

Ila si kila sifa hukubali kuigizwa hivyo. Watafiti Susan Lederman na Roberta Klatzky walionyesha mwaka 1987 kwamba mkono una mwendo wake kwa kila swali: husugua ili ujue mkwaruzo, hubonyeza ili ujue ugumu, hutulia juu ya kitu ili ujue ubaridi wake, hukiinua ili ujue uzito. Mtazame mnunuzi dukani anavyokibana kitambaa kati ya vidole viwili na kukisugua kabla hata ya kuuliza bei. Kidhibiti kinachoshikwa kwa kiganja chote kinamnyima mtu huyo miendo yenyewe, na naona hasara hii ni kubwa kuliko kukosa mtetemo mzuri wa kidhibiti, kwa sababu mkono uliozuiwa kuuliza hauwezi kupata jibu hata kama kifaa kinalo. Hisia ya kugusa uso mgumu nayo ni ngumu kuitengeneza: picha 90 kwa sekunde zinatosha miwani nyingi, ilhali vifaa vya kusukuma mkono kwa kawaida huhesabu nguvu mara 1,000 hivi kwa sekunde ili uso mgumu usihisiwe ukitetemeka.

Ubaridi ndio unaonivutia zaidi. Chuma na mbao vilivyolala chumba kimoja vina joto sawa, lakini chuma hunyonya joto la kidole haraka zaidi, na ngozi husoma kasi hiyo. Jicho linaweza kuahidi ubaridi kwa mng'ao, lakini haliwezi kuondoa joto kidoleni. Maabara zimeshaunda vifaa vidogo vinavyopoza ncha ya kidole kwa kasi inayofanana na ya kitu halisi. Kwa njia hiyo watu hutofautisha shaba na plastiki bila shida, ila metali mbili zenye tabia zinazokaribiana huwachanganya, na hapo ndipo mng'ao na rangi vinapopata tena kazi ya kufanya.