Miezi 8, ndoto 19

Nilianza Januari nikijua kabisa kwamba ndani ya mwezi nitakuwa naota huku najua naota, kila usiku nikitaka. Januari ikaisha mikono mitupu.

Nilifuata njia ya Stephen LaBerge, aliyekuwa mtafiti wa ndoto Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani: lala kwa muda wa saa tano hivi, amka, ikumbuke ndoto uliyotoka kuota, kisha rudi kulala ukijiambia, "Nikiota tena, nitatambua kwamba naota." Ndoto ndefu huja kuelekea alfajiri, ndiyo maana ya kukatisha usingizi. Kwangu ilikuwa alamu ya saa kumi usiku. Mama Zuhura alivumilia wiki mbili, kisha akasema, "Baba Zuhura, hizo ndoto zako katafutie sebuleni." Nikahamia kwenye kochi.

Kila asubuhi nikaandika daftarini, na daftari likanionyesha kwamba nusu ya ndoto zangu ziko uani kwa bibi, Pangani. Basi mchana, kila nikimkumbuka bibi, nahesabu vidole vya mkono mmoja kujipima kama naota. Usiku mmoja wa Februari niko pale uani, bibi yuko juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikahesabu: sita. Cha sita kimechomoza kando ya kidole gumba kama chipukizi la muhogo. Bibi amefariki siku nyingi, na pale pale nililijua hilo. Nikafungua mdomo, "Shika..." Furaha ikaniamsha.

Hadi mwisho wa Agosti nilipata 19. Juni, likizoni, zilikuwa 5. Julai nilikuwa zamu za usiku, sikupata hata moja, ila jinamizi lilinikaba mara mbili.

LaBerge aliripoti kwamba yeye alivuka 20 kwa mwezi, lakini ndoto ndiyo ilikuwa utafiti wake wa shahada ya uzamivu (PhD). Mimi najipima na utafiti wa Denholm Aspy wa Australia, 2017: waliochanganya mbinu kama zangu walifaulu kwenye asilimia 17 hivi ya majaribio. Waliorudi usingizini ndani ya dakika tano walikaribia nusu. Mimi kochini najigeuza nusu saa!

Siku hizi nimerudi kitandani, alamu nimeizima, adhana ya alfajiri inatosha, na najaribu Ijumaa na Jumamosi tu. Wiki iliyopita nikamkuta bibi tena. Shikamoo ikatoka nzima. Akaitikia marahaba, akauliza mbona sukari sijaleta.