Bandari tunayo, njia iko wapi?

Leo tumepita Kililana na mjomba, tukashuka kuitazama bandari mpya ya Lamu. Wallahi, kreni zile ni ndefu! Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, sasa zimesimama tatu. Mpango ni 32.

Haya, mzigo ukishuka unapita wapi? Machi 2012 marais wa Kenya na Sudan Kusini na waziri mkuu wa Ethiopia walikuja hapa Lamu kuzindua mradi mzima: reli, bomba la mafuta, barabara kuu za kutufikisha Juba na Addis Ababa. Reli sijaona hata taruma moja. Bomba ndiyo kabisa. Barabara ya Garissa kupitia Ijara angalau ilianzwa, ila wajenzi wameshambuliwa humo, wengine wakapoteza maisha, kazi ikawa ya kusimama na kuanza. Hapo siwezi kufanya mzaha.

Mjomba, mvuvi wa tangu utotoni, hana habari na Juba. Yeye anataka kujua habari za fidia ya wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari, ile shilingi bilioni 1.76 Mahakama Kuu iliyoamua 2018. “Reli wape wenye haraka,” akasema, “mimi nataka changu.” Tukashika njia ya Mokowe, boti haingoji mtu.