Madirisha ya mama Mtwara yalivyonitoa jasho nikiwa Houston

Jamani mi niko Houston mwaka wa tisa huu, na kama kuna kitu kimenifuata kutoka Mtwara mpaka huku basi ni maji kupita dirishani. Watu nyumbani wanadhani Marekani yote ni barafu, waje Houston mwezi wa saba waone, joto lile lile la Shangani kwetu Mtwara, nguo haikauki, mchana jua linawaka alafu jioni radi na mvua ya kubomoa, tofauti tu huku hakuna ming'oko, ile mizizi yetu ya kuchemsha, wala wa kukukaribisha barazani.

Sasa nyumba ya mama nimeijenga kwa mafungu, si mnajua zile zetu za leo tofali, miezi mitatu nondo, mwakani bati. Ikaisha 2022. Madirisha nilichagua mwenyewe, lawama zote zangu. Nilitaka aluminiamu ya slaidi, vioo vya bluu, dirisha la sebuleni upana mita 2 na nusu linaangalia baharini. Mama akasema mwanangu dirisha kubwa hivi la nini, nikamwambia hewa mama. Na paa nikataka lile la kuficha, bati linajificha nyuma ya ukuta, maana kila picha niliyoiona mtandaoni ilikuwa na paa la kuficha, nikasahau kwamba paa la kuficha halina upenu, yaani hakuna kitu hata kimoja kinacholikinga dirisha na mvua. Nyumba ya bibi Mikindani ina vidirisha vya mbao vidogo na upenu mrefu, tulikuwa tunaicheka eti giza, lakini sikumbuki hata siku moja tuliyoanika godoro sababu ya mvua.

Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya, kikatua kisiwani Mafia tarehe 4, kwetu ni kama kilipita pembeni. Mama akanitumia sauti, kwanza nasikia upepo tu, alafu yeye taratibu, "Mwanangu, dirisha lako linatapika." Sio dirisha, dirisha LAKO. Nikatuma hela kwa fundi, akaja akapaka silikoni kila palipokuwa na uwazi, mstari mweupe ndani mstari mweupe nje, picha akanitumia, nikasema safi kabisa.

Miezi miwili baadaye, tarehe 8 Julai, ikawa zamu yangu. Kimbunga Beryl kikaingia Texas, umeme Houston ukakatika kwa watu zaidi ya milioni 2, mimi nikiwa mmoja wao, nimekaa gizani nakamua taulo dirishani kama mama. Ofisi ya wenye apatimenti nilipiga simu mpaka nikachoka. Baadaye sana wakamleta mzee mmoja wa matengenezo, Kiingereza chake cha kuungaunga na changu ndo kama hivyo, tukaelewana kwa mikono. Nikadhani atatoa silikoni. Akatoa chupa ya maji na waya. Akamimina maji kwenye ile reli ya chini ambayo kioo kinateleza, maji yakakaa pale pale kama beseni. Akatoka nje, akachokoa chini ya fremu na waya, kikadondoka kidonge cha udongo wa nyigu, na maji yote yakatoka nje fyuuu.

Hapo ndo nikajua kitu ambacho hakuna fundi aliyewahi kuniambia. Dirisha la slaidi halizuii maji yote, haliwezi, linateleza kwa hiyo lazima liwe na nafasi. Maji yanaruhusiwa kuingia kwenye reli, alafu yanatokea kwenye vitundu vilivyo upande wa nje chini ya fremu. Na upepo nao una hesabu zake, ukipiga ukuta unayasukuma yale maji yapande upande wa ndani, upepo wa kilomita kama 70 kwa saa unaweza kuyanyanyua karibu sentimita 2 na nusu. Kama kingo ya ndani ya reli ni fupi kuliko hapo na vitundu vimeziba, basi andaa ndoo.

Desemba mvua zilipoanza Mtwara mama akasema saivi ni mbaya kuliko mwanzo. Akili ikanirudi kwenye ile mistari mweupe ndani mweupe nje. Nikajisemea mungu wangu, ametuzibia vitundu.

Nikaenda likizo Februari. Sikupumzika hata, siku ya pili niko nje na kisu na spoku ya baiskeli, majirani wanapita, shikamoo, marahaba, umerudi lini, mbona umepanda stuli. Silikoni ilibanduka yenyewe kwa ukucha, hasa iliposhikana na plasta. Kumbe ile inayonuka siki ukiipaka haishiki vizuri kwenye saruji, na chuma inakila pia, kuna aina nyingine isiyo na ile harufu ndo ya kutumia. Na skrubu za fundi zilikuwa za chuma cha kawaida, miaka mitatu tu ya chumvi ya bahari zimeshakuwa unga mwekundu. Nikapima kingo ya reli na rula ya mtoto wa jirani, sentimita 2 kamili.

Fundi nikamwita aje aone, sikutaka ugomvi. Nikamimina kopo la maji ya kuogea kwenye reli, yakakaa. Akaniangalia.

"Sasa dada, tundu ukiliacha wazi si ndo maji yataingilia hapo hapo?"

Na kwa kweli swali lake halikuwa la kijinga, hata mimi kabla ya yule mzee ningeuliza hivyo hivyo. Nikampa spoku. Akachokoa, maji yakamrukia kwenye viatu, akacheka mwenyewe. Tumemaliza madirisha sita siku ile, mawili hayakuwa na tundu kabisa tangu kiwandani sijui karakana, tukatoboa na drili.

Mvua kubwa ilikuja usiku wa Alhamisi. Nikaamka kama saa nane, nikamkuta mama keshatangulia, amesimama sebuleni na tochi anamulika kwa nje, maji yanatoka vitunduni kama bomba. Hakusema kitu, akarudi kulala.

Chumba cha wageni bado. Pale tatizo ni kizingiti cha nje, plasta imelazwa ikiteremkia ndani badala ya nje, hiyo hakuna spoku ya kuisaidia, ni kubomoa na kulaza upya, nitafanya nikipata likizo nyingine. Mama amekunja kanga pale chini ya dirisha, imeandikwa Mgeni njoo mwenyeji apone, imelowa chapachapa.

Juzi kanipigia simu anacheka, eti yule fundi saivi anazunguka Shangani anazibua madirisha ya watu, elfu 5 kwa dirisha. Na spoku anayotumia ni yangu, niliisahau pale dirishani.