Mnunie, atajua mwenyewe: ushauri niliouacha, na kilichotusaidia mimi na mpenzi wangu kuelewana

Mashosti wangu wana dawa moja kwa kila ugonjwa: "Mnunie, atajua mwenyewe alichokosea." Hajui. Tena atajuaje? Mtu akinuniwa anaambiwa tu kwamba kuna jambo. Ni jambo gani, haambiwi. Anabaki kubahatisha, na akibahatisha vibaya anaandikiwa kosa la pili. Kuna na ile dawa nyingine ya "mtie wivu kidogo", ambayo sitaipotezea muda hapa.

Kilichotusaidia kuliko yote ni mapumziko katikati ya ugomvi. Mimi ni mtu wa kutaka yaishe sasa hivi. Yeye sauti zikipanda ananyamaza, macho ukutani, kila ninachosema anajibu "sawa". Ni rahisi kuuona ukimya huo kuwa dharau. John Gottman, mtafiti wa Marekani aliyewapima wapenzi mapigo ya moyo huku wakibishana, anaeleza vingine: mapigo yakipita kama 100 kwa dakika, maneno yanasikika lakini hayamwingii mtu, maana mwili umeshajiandaa kupigana au kukimbia. Kwa hiyo anayekodolea ukuta mara nyingi amezidiwa, wala si kiburi. Ukiendelea kumsemesha unajichosha bure. Mwili unataka angalau dakika 20 kutulia.

Mpango wetu wa kwanza ulikuwa hivi: akizidiwa mtu, aseme "tupumzike", atoke. Ukaharibika vibaya. Bwana alikuwa amepata mlango wa nyuma! Anatoka, anarudi anachekacheka, anauliza kama nimeona chaja yake, kana kwamba tulikuwa tunajadili hali ya hewa. Mimi huku hasira nimeshaipasha moto mara mbili. Tulipouchunguza tukaona pengo: mpango haukuwa na saa ya kurudi. Sasa hivi ombi la mapumziko halikubaliki bila saa. "Nimezidiwa, turudi saa mbili na nusu." Na aliyeomba ndiye anayeanzisha mazungumzo saa hiyo ikifika, si yule aliyeachwa anasubiri. Kipengele hicho cha pili ndicho kilichofunga mlango wa nyuma.

Muda wetu ni nusu saa mpaka saa moja. Chini ya dakika 20 mnarudi moto bado unawaka, na mkiacha mpaka kesho kutwa mmoja atasema ameshasahau. Ukiwa mapumzikoni usipange hoja. Ukijilaza na kurudia "mimi huyu, baada ya yote niliyomfanyia", moyo haushuki hata ukikaa siku nzima. Fua, oga, tembea. Simu iweke mbali, la sivyo utaanza kumwandikia.

Maana hilo la kuandika nalo ni balaa. Watafiti Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walionyesha mwaka 2005 kwamba anayeandika ujumbe hujiamini kupita kiasi kuwa msomaji atapata sauti aliyokusudia, utani au kejeli. Wewe unausoma kwa sauti iliyo kichwani mwako. Yeye anazo herufi tupu. Kwetu maandishi ni ya taarifa: umefika, nunua sabuni, nitachelewa. Ubishi ukianza kuchomoza tu, mmoja anaandika "hili la kupigiana, saa tatu" na anaacha hapohapo. Ni kazi ngumu hasa pale unapokuwa na jibu kali tayari kwenye vidole.

Namna ya kuanza mazungumzo nayo ina ufundi wake. "Tunahitaji kuongea" usiitume kabisa. Mtu atashinda siku nzima tumbo joto. Taja mada, muda na saa: "Nataka tuongee kuhusu safari ya mwezi ujao, robo saa hivi, tukishakula." Likiwa ni lalamiko, nalipanga vipande vitatu: kilichotokea, kilivyoniathiri, ninachoomba. "Jana ulisema utapiga saa mbili, ukapiga saa tano. Nilikaa na wasiwasi. Ukiona unachelewa nitumie hata neno moja." Linganisha na "wewe hunijali, kila siku uko hivi." Hiyo "kila siku" ni zawadi kwake: atatafuta siku moja aliyowahi, na kuanzia hapo mnabishana kuhusu siku hiyo. Ombi nalo liwe kitu kinachoonekana kikifanyika. "Badilika" halifanyiki.

Akiongea yeye, kabla ya kujibu namrudishia kwa maneno yangu: "Kwa hiyo kilichokuudhi ni kwamba nilimwambia dada yangu kabla yako?" Nasubiri aseme ndiyo au anirekebishe. Mara nyingi ananirekebisha, na hapo ndipo lilipo lenyewe.

Haya yote ni kwa watu wanaoheshimiana ila wanagongana. Anayekupiga, anayekutisha, au anayekupangia nani wa kuongea naye, usimpangie vipande vitatu. Tafuta msaada na usalama wako kwanza.

Na msisubiri ugomvi ndipo mzungumze. Gottman aliona wapenzi wanaodumu, hata wakiwa wanabishana, wana mazuri kama matano kwa kila baya moja, na mazuri hayo ni madogo tu: kucheka, kugusa bega, kusema "hapo una haki". Siku za kawaida nimeacha "siku yako ilikuwaje?" kwa sababu jibu lake ni "poa" na mazungumzo yamekwisha. Nauliza kitu chembamba: "Yule bosi wako aliipokeaje ile ripoti?" Tena nauliza tukiwa tunatembea au tunaosha vyombo, bila kukaziana macho. Akinyamaza kidogo simkimbilii na swali la pili. Mara nyingi ndiyo anatafuta pa kuanzia, na akishapata, kumnyamazisha ndiyo kazi.