Niliwaambia wanyamaze

Nna video ya bibi yangu anasuka ukili, ule mkanda wa ukindu unaoshonwa ukawa mkeka, dakika 40 na kitu, na kila nikiiangalia roho inaniuma. Picha safi kabisa, chane nyekundu, yaani ukindu uliochanwa, inapita juu inapita chini, ukili unarefuka pale magotini kwake, wenzake nao wanaonekana pembeni. Kinachoniuma ni ule ukimya, na ukimya wenyewe niliuleta mimi.

Ilikuwa Micheweni, Pemba, baada ya laasiri, bibi na wenzake wanne wamekaa ukumbini kama siku zote, mimi nikaiweka simu juu ya kibao cha mbuzi nikawaambia jamani naomba tusiongee kidogo, nataka sauti iwe safi. Wakanitii, mjukuu katoka mjini na kazi yake, basi watu wazima wale wakakaa kimya muda wote ule kwa ajili yangu.

Kesho yake umeme hamna, simu imezima, nikakaa tu na mimi kuchana ukindu. Hapo ndo nkasikia. Mmoja kaanza, kitendawili! wote tega! "Kuku wangu katagia miibani." Wajukuu wadogo wakakisia wakakisia wakashindwa, akasema basi nipeni mji, wakampa Wete, sasa akaanza kusafiri, nimekwenda Wete nikapokewa vizuri, nikapikiwa wali kwa pweza nikala mpaka nikashindwa kuinuka, watoto wanacheka wanamwambia sema bibi, sema, ndo akawapa, nanasi! Na mikono haijasimama hata mara moja. Katikati ya kicheko mwengine akamuona binti mmoja anavuta chane, akamwambia "mwanangu, mara ukaze mara ulegeze, ukishonwa huo mkeka hautolala." Wallahi angalia video yangu mara mia, hilo hulipati.

Yaani mafunzo yote yalikuwa mle kwenye maneno, kwenye yale niliyoyaona mimi kelele.

Nyumba ikiporomoka Mji Mkongwe wa Unguja, ambao umo kwenye urithi wa dunia tokea 2000, mtaa mzima unasikia kishindo, lakini kitendawili kikiondoka na mwenyewe nani kasikia? Ndo maana ukawepo ule mkataba wa UNESCO wa 2003 wa urithi usioshikika, na Tanzania tumeuridhia 2011, na mkataba wenyewe unataja mapokeo ya mdomo, ngoma, sherehe, ujuzi wa mikono, na unataka virithishwe kizazi kwa kizazi, sio kuwekwa kabatini tu. Kurekodi nakupenda, sisemi tuache. Sauti ya Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, tunaisikia leo kwa sababu 1928 walikwenda Bombay wakaingia studio, na wangapi wa zama zake waliimba maharusini mwetu na hatuna hata mstari wao mmoja.

Sasa nafanya hivi, naomba ruhusa kwanza, halafu simu naiacha inarekodi sauti tu na mimi nakaa chini nasuka, vibaya lakini nasuka, maana ukikosea ndo wanasema, na wakisema ndo unapata jina la kitu. Jina naliandika vile vile wanavyolitamka wao kwa Kipemba chao, silisanifishi, ukilisanifisha ushalipoteza. Na zipo nyimbo za wanawake ndani ambazo bibi kanambia hizi sikiliza lakini usizitoe nje, basi hizo sizirikodi kabisa, ni zao.

Katika wale wanne mmoja keshatangulia mbele ya haki, yule yule wa safari ya Wete. Kwenye video yumo, kakaa kushoto kwa bibi, kwenye dakika ya kumi hivi anainua uso, anafungua mdomo anataka kusema kitu, ananiangalia, anaufunga.