Mgeni Asiyekula Nyama

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja, Main Street, Jinja. Mwenye duka aliuza vitambaa ndani, baba alishona nje, na siku nzima walirushiana Kiswahili kupitia dirishani. Mwaka 1972 Amin alipowapa Wahindi siku 90 waondoke Uganda, mwenye duka akaishia Leicester na cherehani ikabaki kwa baba. Sisi watoto tulimjua mtu huyo kwa jina la Bhai tu, maana ndivyo baba alivyomwita.

Miaka ya 1990 serikali ilipokuwa ikiwarudishia Wahindi majengo yao, barua ikaja. Bhai na mkewe wangekuja kufuatilia jengo lao, na wangepita kwetu Walukuba kutusalimu. Baba aliisoma kwa sauti, akaikunja, akaenda kumtazama jogoo.

"Yule hali nyama," mama akamkumbusha. "Wala samaki, wala mayai. Wewe mwenyewe ulituambia."

"Najua. Lakini mtu amepanda ndege mpaka hapa, nimpe majani?"

Baba ni mzaliwa wa Mombasa. Kwake yeye, mgeni wa heshima asipochinjiwa ni kama amefukuzwa. Ami yangu naye akatia neno: apikiwe kuku, halafu ale mchuzi, nyama aiache pembeni. Hapo mama akaweka chini sinia la mchele. Mama ni Muganda wa Mukono, wa ukoo wa Butiko, na watu wa ukoo huo hawali uyoga. Ndio muziro wao, yaani mwiko wa ukoo.

"Shemeji, ukinipa mchuzi wa uyoga ukaniambia niuache uyoga pembeni, nitakula?"

Ami hakujibu. Jogoo akasalimika hadi Idi.

Ila baba alikuwa amesahau kutaja jambo moja, akalikumbuka usiku wa kuamkia ugeni: Bhai hali hata kitunguu, wala kitunguu saumu. "Basi mchemshieni maji," ami akasema. Mama alikaa kimya muda mrefu kuliko alivyokaa kwa habari ya nyama. Nadhani nyama aliweza kuishi bila yake wiki nzima, lakini mchuzi bila kitunguu hakuwahi kuupika maishani.

Alfajiri tukaenda soko kuu. Tulirudi na mkungu wa matooke, mboga za majani za nakati, ntula (bilinganya ndogo chungu), nyanya, na karanga zile nyekundu ambazo hutwangwa pamoja na ganda lake laini, ndiyo maana mchuzi wake hutoka na rangi ya waridi iliyoiva. Kinu kilikuwa changu. Mama alikuwa akiandaa majani ya mgomba ya luwombo, yaani mchuzi unaofungwa na kuivishwa ndani ya jani: lazima yawe machanga, yasiyochanika hata kidogo, kwa sababu tundu dogo tu humwaga mchuzi wote. Unalipitisha jani juu ya moshi na joto la moto hadi lilegee na kung'aa, kisha unauparua uti wake kwa kisu, taratibu, mpaka lipinde bila kuvunjika. Nimewahi kuona luwombo ikifungwa kwenye karatasi ya aluminiamu. Inaiva, lakini ile harufu ya jani lililobabuliwa haipo, na bila harufu hiyo mimi naona umepika mchuzi wa kawaida tu.

Wageni walifika mapema kuliko tulivyotazamia. Baba na Bhai walikumbatiana, "Fundi!" "Bhai!", wakaondoka kwenda kulitazama duka. Mkewe akabaki. Alivua viatu, akaingia jikoni na sari yake, akajikalia kwenye kigoda karibu na mafiga. Kiswahili chake kilikuwa kimeota kutu kidogo. Akaangalia masufuria yetu, akasita, akauliza kwa aibu:

"Mama, hii sufuria... nyama iko ingia?"

"Imeingia, nnyabo, sikufichi," mama akasema. Akamkunjulia jani. "Lakini chakula chako kinalala humu. Sufuria hakitaiona."

Yule bibi alilipapasa jani, akacheka kwa sauti kubwa ya mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha akafungua mkoba, akatoa kikopo kidogo. Akaomba mafuta kwenye kikaango chetu kipya, yakachemka, akatupia chembe ya unga wa manjano. Harufu iliyotoka ilinifanya nikimbilie mlangoni. Lakini alipotia nyanya na ntula, ukali ukatulia, na kikaango kikaanza kunukia kana kwamba kuna kitunguu ndani. Mama akaonja, akaonja tena. Akachanganya unga wa karanga na maji, akamimina kwenye majani, akafunga kwa byayi, nyuzi kavu za mgomba, akayapanga juu ya matooke yaliyokuwa yakiiva kwa mvuke.

Baba aliporudi alisimama uani akinusa. "Nani kachoma mvuje?"

Kumbe kile kikopo kilikuwa mvuje, ule ule ambao bibi yake kule Mombasa aliwafungia watoto wachanga kwenye kitambaa ili shetani asiwasogelee. Mke wa Bhai alipofasiriwa, alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya sari.

Tulikula mkekani kwa mikono. Bhai alifungua jani lake, mvuke ukampiga miwani, akala bila kusema neno mpaka akafika chini; kisha akaomba ndimu na pilipili, na jani la pili. Ami alikula matatu. Habari za jengo zilizungumzwa kidogo sana: lilikuwa na wapangaji, kulikuwa na mafaili, ingechukua muda.

Kile kikopo kikaachiwa mama. Alikitia kwenye maharage, kwenye nakati, hata kwenye mchuzi wa samaki, mpaka kikaisha. Kabati nzima ilinuka, vikombe vya chai navyo vikashika harufu, na jirani zetu wakaacha kuazima. Baba hakulalamika. Alisema angalau sasa shetani hana pa kuingilia.